Kitu Kinachosimama Kati

Nimeishi miongoni mwa walimu na wanaojifunza ualimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kama lipo swali ambalo nimeliona likijibiwa kwa haraka mno, ni hili: je, kilicho na nguvu zaidi ndicho kilicho bora zaidi? Ukuta mnene husifiwa kuliko ukuta mwembamba, kamba nene kuliko kamba nyembamba, na mwalimu mkali, katika vikao vingi vya wazazi nilivyohudhuria, alisifiwa kuliko mwalimu mpole. Jibu hutoka kinywani kabla akili haijakaa kitako.

Sina ugomvi na nguvu. Mtu wa miaka sabini na kitu, anayeshika ukuta ili ainuke kitini, hawezi kuidharau. Ninachotaka kukichunguza katika kurasa hizi ni nguvu ya namna moja tu, nayo ni nguvu ya kitu kinachosimama kati: kati ya kinachosukuma na kinachosukumwa, kati ya anayeamuru na anayeamriwa. Kitu cha namna hiyo kiwe na nguvu kiasi gani? Nani apime? Na kikiongezewa nguvu, nani hulipa? Mfano nitakaoutumia ni klachi ya gari. Msomaji asinicheke. Wanafalsafa wa kale waliwataja waashi, manahodha na wapiga mieleka walipotaka kueleza wema, na sioni kwa nini sisi tuwaonee haya mafundi wetu wa magari.

Wale wasiolijua gari kwa ndani waniruhusu nieleze kidogo. Injini ikiwashwa huzunguka muda wote. Haijui kusimama ikangoja. Magurudumu, kwa upande wao, hayana budi kuweza kusimama: kwenye taa, mbele ya ng'ombe, penye mtoto anayevuka. Kati ya hao wawili, mmoja asiyetulia na mwingine anayepaswa kutulia, ndipo klachi ilipo. Upande wa injini imefungwa flaiwili, gurudumu zito la chuma. Upande wa gia boksi limo bapa la mviringo lililobandikwa utando wa kusuguana pande zote mbili, nalo ndilo klachi pleti. Nyuma yake ipo presha pleti yenye springi kali, inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili hadi vyote vizunguke kama kitu kimoja. Ukikanyaga pedali, springi huachia na injini huzunguka peke yake. Ukiinua mguu polepole, pleti huanza kugusa, huteleza kidogo, hushika, na mwishowe huganda.

Hilo neno "huteleza" namwomba msomaji alitie alama. Gari lililosimama haliwezi kupokea mzunguko wa injini kwa ghafla. Lazima uwepo muda mfupi ambamo klachi inakubali kuteleza, ikigeuza sehemu ya nguvu kuwa joto, ili mwendo uzaliwe bila kishindo. Klachi isiyoteleza hata kidogo imekwisha kuwa bolti. Klachi inayoteleza daima imekwisha kuwa mapambo. Kazi yake yote imo kati ya hizo mbili: kuteleza inapopasa kuteleza, na kushika inapopasa kushika.

Sasa tuitazame tabo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha pangaboi linaloshindilia hewa ndani ya injini hiyo hiyo. Hewa ikizidi, mafuta nayo huweza kuzidi, na nguvu huongezeka bila injini kukua. Mwaka 1962 magari ya kwanza ya abiria yenye tabo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, yaliuzwa Marekani. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, wengi wameijua tabo kupitia Subaru Impreza. Gari la WRX la ukoo huo liliingia sokoni Japani mwaka 1992 likiwa na nguvu ya farasi 240 kutoka injini ya lita 2 tu. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Magari ya ukoo huo, yakiwa yamekwisha kutumika Japani, yameshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na leo vijana wetu wanayo.

Nguvu ya tabo haipandi kama mtu apandaye ngazi. Huja kama wimbi. Mizunguko ikiwa midogo, injini ni mpole kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Tabo ikijaa, nguvu hufika yote kwa mkupuo, na wa kwanza kupigwa na wimbi hilo ni klachi. Tena Impreza ya aina hiyo husukumwa na magurudumu yote manne. Gari la magurudumu mawili likizidiwa, matairi huteleza barabarani na mambo huishia hapo. Gari la magurudumu manne huishika barabara kwa nguvu, kwa hiyo lazima kitu kingine kikubali kuteleza. Kitu hicho ni klachi.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, analo gari kama hilo. Ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, anakaa Dar es Salaam, na kila baada ya miezi michache hupanda kuja kututazama Iringa. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuongeza presha ya tabo kuliko ile ya kiwandani. Safari moja, baada ya kuipita Morogoro, alitoka kulipita lori akiwa gia ya nne. Alikanyaga mafuta, sauti ya injini ikapanda, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari halikuongeza mwendo. Mbele yake palikuwa na basi. Alifunga breki akarudi nyuma ya lori, na jamaa wa lile basi wakampigia honi mpaka walipopotea. Mke wake alikuwa kando yake na watoto wako nyuma.

Kesho yake asubuhi alinikuta barazani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mmelala?"

"Tumelala, lakini si sana. Mjomba, nataka niweke klachi ambayo haitateleza tena maisha yangu yote."

Akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa klachi ya mashindano: pleti isiyokuwa na springi katikati, na badala ya utando wa mviringo ilikuwa na vipande sita vya seramiki kama vidole. Presha pleti yake ilikuwa kali sana, na kiwanda kilisema ingeweza kubeba zaidi ya nyutoni-mita 700. Nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha, kwa sababu klachi haijali farasi wanaotajwa na wauzaji. Hujali msokoto unaofika kwake. Injini ya mpwa wangu, kwa kukadiria na kile kilichoongezwa, haikuzidi nyutoni-mita 380.

Tulikwenda kwa fundi. Huyu alisoma katika shule ya mazoezi iliyokuwa chini ya chuo chetu, na bado huniita Mwalimu ingawa yeye sasa ndiye anayenifundisha. Alituwekea mezani, kwa maneno yake mwenyewe, kanuni ambayo vitabu vya uhandisi huandika kwa herufi nne. Uwezo wa klachi hutokana na mambo manne yanayozidishwa pamoja: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa msuguano wa utando, nguvu ya kubana, na umbali wa wastani kutoka katikati ya pleti hadi pale inaposuguana. Niliomba karatasi nikapiga hesabu ya mfano. Nyuso 2; msuguano wa 0.3, nguvu ya kubana ya nyutoni 7,000, ambayo ni sawa na uzito wa ng'ombe wawili wenye afya, umbali wa sentimita 10, yaani mita 0.1. Zidisha zote, utapata nyutoni-mita 420. Ongeza nguvu ya kubana ifike 8,000, utapata 480. Au iache 7,000 na ubadili utando uwe na msuguano wa 0.4, utapata 560.

Hesabu hiyo ni nzuri kwa sababu haina uongo ndani yake. Inakuambia kuwa nguvu haishuki kutoka mbinguni. Kila nyongeza imetoka katika moja ya vyumba vinne, na kila chumba kina kodi yake. Ukiongeza nguvu ya kubana, pedali inakuwa nzito, na kila unapoikanyaga unaisukuma fimbo kuu ya injini kwa urefu wake, ukizitafuna beringi zinazoizuia isisogee. Ukichagua utando mkali wa seramiki, unapata kitu kinachostahimili joto kubwa lakini kinashika kwa kishindo: ama kimeachia, ama kimeshika, hakuna katikati. Ukichagua Kevlar, nyuzi alizozigundua Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965, unapata utando unaodumu na kushika kwa ulaini, ila usipouzoesha kwa uangalifu mwanzoni, au ukiuunguza, unang'aa kama kioo na kukataa kazi. Ukiongeza idadi ya nyuso kwa kuweka pleti mbili, mguu unapumzika lakini mfuko unalia, na gari likisimama husikia chuma kikigongana. Ukiondoa springi za katikati ya pleti, unakuwa umeondoa zile zinazomeza mitikisiko kabla haijaingia katika gia.

"Mwalimu," fundi alisema, "nguvu haipotei. Ukiizuia hapa, inatafuta mahali pengine pa kutokea. Hizi gia boksi za gia tano nimezifungua mara nyingi. Ukimfungia huyu klachi ya mashindano, siku moja atanirudia na meno ya gia kwenye mfuko."

Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Tumezoea kuutumia msemo huo kwa huruma, kwamba mnyonge ndiye aumiaye. Siku ile niliusikia kwa namna nyingine. Kila mnyororo wa vitu vinavyobeba nguvu una mahali pake pabovu; hilo halina mjadala. Ukipaimarisha hapo, ubovu hauondoki bali huhama. Aliyeimarisha klachi hajaondoa udhaifu katika gari. Ameuhamishia katika gia boksi, au katika shafti, au katika goti la anayeendesha. Kwa hiyo swali la busara si namna ya kuondoa pabovu. Ni hili: pabovu pawe wapi?

Kwa kipimo hicho, klachi ni mahali pema pa kuwa pabovu. Ni kitu kinachotarajiwa kuisha, kama soli ya kiatu. Bei yake, ingawa si ndogo, iko mbali na bei ya gia boksi nzima. Na zaidi ya yote, huonya. Huteleza kwanza katika gia kubwa, mshale wa mizunguko ukipanda peke yake, hutoa harufu ya kuungua, pedali hubadilika. Jino la gia halionyi mtu. Linakatika. Wenye nyumba zilizokuwa na fyuzi za waya wanalijua jambo hili: fyuzi ilipokatika mara kwa mara, wapo waliochoka wakaweka waya mnene mahali pake, na taa hazikuzimika tena mpaka siku nyumba ilipoungua.

Hapa ndipo ninapoliona swali la maadili likiwa limevaa nguo za ufundi. Katika gari lote la mpwa wangu, kitu kimoja tu kilikuwa kinasema "hapana, imezidi". Shauri lake la kwanza lilikuwa kukinyamazisha. Ni mara ngapi tunafanya hivyo katika maisha? Mhasibu anayekataa kusaini huhamishwa. Mke anayelalamika juu ya deni huambiwa ana kelele. Mwili unaouma hupewa kidonge ili uendelee kubeba. Tunamtafuta mtu asiyeteleza, na tukimpata tunamwita imara, wala hatuulizi mzigo aliokataa yule wa kwanza sasa umetua wapi.

Lakini mpwa wangu si mjinga, na jibu alilonipa linastahili kuandikwa hapa lote. "Mjomba," alisema, "maneno hayo ni matamu ukiwa umekaa. Mimi nilikuwa barabarani na basi linakuja. Kitu kinachokuacha katikati ya kulipita lori kina hekima gani? Afadhali gia ivunjike gereji kuliko klachi iteleze mbele ya basi."

Nilikaa na jibu hilo usiku kucha, kwa maana lina ukweli ndani yake. Upo utelezi wa kazi na upo utelezi wa uchovu. Utelezi wa kazi ni ule wa kuanza mwendo, wenye mwanzo na mwisho. Utelezi wa uchovu ni wa klachi iliyoisha, au iliyobebeshwa kuliko kipimo chake, na huja hasa wakati unapoihitaji. Mtu anayemtegemea mwenzake ana haki ya kujua kuwa atashikwa. Klachi ile ya zamani ilikuwa imepoteza haki ya kukaa ilipokuwa, na mtu angemsihi mpwa wangu aendelee nayo kwa jina la upole, angekuwa anahatarisha watoto. Upole unaoacha watu barabarani hauna sifa.

Hata hivyo, kutoka katika ukweli kwamba klachi dhaifu ni hatari hakutupeleki moja kwa moja kwenye klachi ya nyutoni-mita 700. Kati ya kidogo mno na kingi mno pana uwanja mpana. Aristotle alilisema hili kwa mfano wa chakula. Ikiwa mina 10 ni nyingi na mina 2 ni chache, mkufunzi wa michezo hatamwagizia kila mtu mina 6 kwa sababu tu ndiyo nusu ya njia. Kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, 6 ni chache, na kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kiasi, kwa fundisho lake, hupimwa kwa yule anayehusika. Seramiki ya vidole sita ni kiasi halisi kwa gari la mashindano, linalobebwa juu ya lori hadi uwanjani, linaloendeshwa na mtu mmoja na kufunguliwa gia boksi kila baada ya mbio. Gari la mpwa wangu husimama katika foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi na jioni, likienda hatua tatu na kusimama, hatua tatu na kusimama. Kila hatua ni mguu juu ya pedali.

Na mguu wa nani? Hili lilisemwa na mke wake, ambaye alikuwa akitusikiliza tangu mwanzo huku akimenya viazi.

"Mjomba," alisema, "siku mbili kwa juma gari hilo nalipeleka shuleni na kazini mimi. Mmezungumza habari za injini, gia na tabo. Mguu utakaokanyaga hakuna aliyeuuliza."

Sisi wanaume tulinyamaza. Katika maneno yale machache palikuwa na somo ambalo wakufunzi wa falsafa huhitaji muhula mzima kulifikisha: uamuzi wa nguvu haujakamilika mpaka asikike yule atakayeibeba. Historia ya klachi yenyewe inatoa ushahidi mzito. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, utando wa klachi na breki ulichanganywa na asbesto. Ilikuwa imara, rahisi kupatikana, na haikuogopa joto. Kwa sifa za gari peke yake, ilikuwa chaguo bora. Vumbi lake liliingia katika mapafu ya waliochimba, waliotengeneza na waliofungua klachi hizo, likawaletea makovu ya mapafu na saratani. Umoja wa Ulaya ulikuja kuzipiga marufuku bidhaa zake kuanzia mwaka 2005. Ile nguvu iliyosifiwa na madereva ililipiwa na watu ambao wengi wao hawakuliendesha gari hilo hata siku moja. Mpaka leo namsihi fundi yeyote anayefungua klachi ya gari la zamani asipulizie vumbi lile kwa upepo wa kompresa, bali alifute kwa kitambaa kilicholowa, maana hajui kilichomo.

Nikiifikiria klachi, nashindwa kutokumbuka kazi yangu. Mkuu wa chuo ni klachi. Juu yake ipo Wizara, inayozunguka muda wote na kutuma nyaraka. Chini yake wapo wakufunzi na wanachuo, ambao hawawezi kubadilika kwa mshtuko. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977. Agizo lilikuwa jema na lilikuwa zito. Walimu walihitajika kwa maelfu, na wengi waliandaliwa huko huko kazini, vijijini, wakifundisha watoto na kufundishwa wenyewe. Nilikuwa kijana katika kazi wakati ule, na nilijifunza kuwatazama wakubwa wangu walivyoipokea nguvu ile.

Niliwaona wa aina tatu. Yupo aliyeshika bila kuteleza hata kidogo: waraka ukifika saa nne, saa tano umekuwa amri, na mwalimu aliyekuwa na darasa la watoto wengi kuliko madawati alivunjika bila kutoa sauti. Huyo alisifiwa sana katika taarifa. Yupo aliyeteleza daima: alisema ndiyo kwa waliokuwa juu na pole kwa waliokuwa chini, injini ikanguruma na gari lisiende popote, watoto walikaa chini ya mwembe bila mwalimu. Huyo alipendwa, na sidhani alistahili. Na yupo wa tatu. Huyu aliuchukua waraka, akaita kikao, akasikiliza, akakubali juma la kwanza lipotee katika manung'uniko, juma la pili akaanza kubana, na kufikia la nne hakuna aliyeruhusiwa kurudi nyuma. Joto lote la mwanzo lilibaki kwake. Alilalamikiwa kutoka juu kwa kuchelewa na kutoka chini kwa kubana, lakini kazi ilifanyika na watu hawakuvunjika. Nilipokabidhiwa chuo miaka mingi baadaye, huyo ndiye niliyemfuata.

Jambo moja kuhusu mtu wa tatu halisemwi vya kutosha: anaisha. Klachi njema ni ile inayojila yenyewe kidogo kidogo ili vingine vidumu. Anayefanya kazi ya kusimama kati, awe mkuu wa shule, mama kati ya baba mkali na watoto, au balozi wa nyumba kumi kati ya serikali na majirani zake, huungua kila siku mahali pasipoonekana. Jamii inayomtumia mtu kama huyo inampasa ajue kuwa ana kipimo, imsikie anapotoa harufu ya kuungua, na imbadilishe au impumzishe kabla hajawaacha watu mbele ya basi. Kumwongezea ukali tu hakumsaidii yeye wala wanaomtegemea.

Kuhusu gari, uamuzi ulifanywa na wenye gari wenyewe, nami nauandika kwa kuwa unaweza kumfaa msomaji aliye katika njia panda hiyo. Kwanza walimwambia fundi aishushe presha ya tabo ikaribie ile ya kiwandani, kwa sababu hakuna klachi ya busara kwa nguvu isiyokuwa na kazi. Pili walichukua pleti ya utando wa kawaida, wa nyuzi na gundi, yenye springi zake katikati, pamoja na presha pleti kali kidogo kuliko ya awali, yenye uwezo wa karibu nyutoni-mita 480. Hiyo ni zaidi ya mahitaji ya injini kwa robo hivi, na robo ndiyo akiba ambayo fundi aliona inatosha. Mke alikaa kwenye kiti na kukanyaga pedali ya gari jingine lililofungwa presha pleti kama hiyo kabla pesa haijatoka mfukoni. Flaiwili ilichongwa upya, beringi ya klachi ikabadilishwa, na kwa kilomita 800 za mwanzo, kama watengenezaji wengi wanavyoagiza, waliendesha mjini bila kuikamua injini, ili nyuso mbili zizoeane.

Mpwa wangu bado anaamini kwamba ningekuwa na miaka thelathini ningechagua seramiki. Huenda. Kijana huipenda nguvu kwa sababu hajaona bado inavyohama kutoka mahali hadi mahali ikitafuta wa kumvunja. Mzee ameiona ikihama. Ameiona ikitoka kwa waziri ikatua kwa mwalimu, ikatoka kwa mwalimu ikatua kwa mtoto, na mtoto hana wa kumpa. Ndiyo maana ninapoulizwa leo kitu kiwe na nguvu kiasi gani, nauliza kwanza ni nani yuko baada yake.